Amri ya Mishono Nje

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na kuna siku maneno yangu yaliwafanya watu milioni nne wageuze nguo zao. Sijisifu. Ukisikia ilivyokuwa utaona hapana cha kujisifia, ingawa mpaka leo wapo watu kwetu Ulembe wakinikuta njiani wananishika mkono na kunicheka usoni, nami nacheka nao, nifanyeje.

Mwaka ule serikali nzima ya Ulembe ilikuwa na watu wanne, na wote tulikuwa tunaishi ng'ambo ya mpaka, Njombe, ghorofani, juu ya mashine ya kusaga. Shirikisho lilikuwa limeingia nchini kwetu asubuhi moja ya Machi bila hata hodi, likalizingira Bunge likiwa kwenye kikao, likawazoa Rais, mawaziri na wabunge wote kwa mkupuo. Akabaki waziri mmoja tu, wa Mifugo, kwa sababu siku hiyo alikuwa huku Njombe akimkagua ng'ombe dume aliyetaka kumnunua. Katiba yetu, kifungu cha tisa, inasema Bunge lisipoweza kukaa, waziri aliyebaki huru ataongoza nchi kwa amri mpaka Bunge liweze kukaa tena. Basi ndivyo Mama Sekela Kajuni, daktari wa wanyama, umri miaka sitini na moja, alivyopata urais akiwa amevaa mabuti ya mpira na mkono wake wa kulia umo mdomoni mwa ng'ombe.

Wa pili alikuwa Jenerali Haule. Huyu alivuka mpaka na askari kumi na mmoja na tarumbeta moja, na ukimwuliza habari za tarumbeta anabadilisha mazungumzo. Wa tatu alikuwa Injinia Tumpe Mwasaka, ambaye bila yeye sisi wengine tungekuwa wakimbizi wa kawaida tu wanaolalamikia baridi. Wa nne ni mimi, Lwitiko, karani wa amri. Kazi yangu ilikuwa kuziandika na kuzisoma.

Kuzisoma wapi? Kwenye mtungi.

Miaka kumi na miwili kabla ya vita, Tumpe alikuwa mtumishi wa Idara ya Maji. Alichukua tope la ziwa letu, akakuta ndani yake vijidudu vyenye tabia ya ajabu: ukivigawa mara mbili, kundi moja likitikisika, la pili nalo linatikisika, hata ukilipeleka mbali kiasi gani. Akakanda udongo wa siku moja, shimo moja, akafinyangisha mitungi laki tisa, serikali ikaigawa kila nyumba bure. Kazi yake ilikuwa kupima maji: yakiwa machafu, mtungi unapeleka habari kwenye mtungi mkubwa wa Idara, ambao sisi tuliuita Mtungi Mama. Haukuhitaji umeme, haukuwa na waya, na ulifanana na mtungi mwingine wowote wa shambani. Shirikisho lilipokuja likakusanya simu, redio, kompyuta na hata saa za mkononi. Mitungi ya maji likaiacha, kwani watu watakunywa nini?

Tumpe alikimbia na Mtungi Mama mgongoni, ameufunga kwa kanga, askari wa mpakani wakadhani amebeba mtoto mnene. Alipofika Njombe akagundua jambo: ukiongea ndani ya Mtungi Mama, mitungi yote laki tisa inaongea. Na mtu akiweka kiganja kwenye mdomo wa mtungi wake, Mtungi Mama unajua. Taa moja inaongezeka kwenye ubao wa Tumpe, na ubao unalia. Hilo tu, kiganja au hakuna kiganja, ndilo jibu pekee linaloweza kurudi.

Hapo ndipo nchi ilipofufuka. Maana kwetu Ulembe mtu akimaliza kusoma kitu kwa sauti, waliopo wanaitikia "tumesikia". Iwe barua ya shangazi, iwe maelekezo ya dawa kwenye chupa, unaitikia, na asiyeitikia anaonekana hakulelewa. Waandishi wa Katiba waliliweka hilo kwenye kifungu cha tatu: amri haiwi sheria mpaka zaidi ya nusu ya kaya ziitikie. Kiganja mtungini kikawa ndiyo "tumesikia" yetu.

Kila Jumanne saa nne asubuhi, mwenye mashine ya kusaga, Mzee Mgaya, alizima mashine kwenda kunywa chai. Ndio muda wetu wa kutawala. Dakika ishirini za ukimya, amri moja, jambo moja tu kama Katiba inavyotaka, kisha udongo unachoka na kuhitaji siku saba za kupumzika. Amri zetu zilikuwa na sifa. Ya kumi na saba iliagiza saa zote za ukutani zirudishwe nyuma dakika ishirini, na treni za Shirikisho zikawa zinapishana na mizigo yake mwezi mzima. Ya ishirini na tisa ilimtaka kila mtu mzima aende posta akaulize kama ana barua. Posta ilifungwa siku ya pili na haikufunguliwa tena. Watu wetu walishazoea kwamba amri ikionekana ya kipuuzi, hiyo ndiyo yenye akili. Hilo ndilo lililotuponza.

*

Jumanne ya arobaini na moja palikuwa na jua, jambo ambalo Njombe si la kila wiki, na Jenerali alikuwa amefua. Nguo zake zilining'inia barazani zikiwa zimegeuzwa, kama wafanyavyo watu wote wenye akili ili rangi isichujuke. Sisi wengine tulikuwa mezani. Mtungi Mama ulikuwa katikati, umefunikwa kitambaa chake cha maua.

Kabla ya amri ya kweli nilikuwa na kawaida ya kupasha sauti. Nasoma upuuzi wowote kwa sauti nzito ya serikali, wenzangu wanaitikia, tunacheka, ndipo Tumpe anaondoa kifuniko na tunaanza kazi. Mtungi ulikuwa na kufuli: haufungui njia mpaka usikie mtu mmoja akisoma na sauti tatu nyingine zikiitikia. Tumpe aliuweka hivyo ili mmoja wetu akikamatwa asilazimishwe kutoa amri peke yake. Ulinzi mzuri sana. Tatizo ni kwamba asubuhi ile kifuniko kilikuwa kimeoshwa na kuanikwa juani karibu na suruali za Jenerali, na kati ya kitambaa cha maua na mdomo wa mtungi hapakuwa na kitu.

Nikaziangalia zile nguo za Jenerali. Nikasimama, nikakohoa.

"Amri ya arobaini na moja. Kuanzia kesho asubuhi kila raia wa Ulembe, mkubwa kwa mdogo, atavaa nguo yake ya juu ikiwa imegeuzwa, mishono nje, mpaka itakapotangazwa vinginevyo."

"Tumesikia," wakasema wote watatu, kwa adabu zao zote, Jenerali akiwa ameshaanza kucheka.

Ubao ukalia. Ukalia tena. Kisha ukawa haunyamazi. Tumpe akakivuta kile kitambaa, akautazama mdomo wa mtungi ulio wazi, akakaa chini taratibu kwenye kiti ambacho kwa bahati kilikuwapo.

Dakika arobaini baadaye tulikuwa tumevuka nusu. Jioni walikuwa themanini na tatu katika kila mia. Haikuwahi kutokea amri iitikiwe hivyo. Na udongo ulikuwa umechoka, hatukuweza kusema neno mpaka Jumanne nyingine.

Mama Sekela hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alisema tu kwamba yeye naye aliitikia bila kuangalia kifuniko, kisha akatoka barazani kukianua kifuniko.

*

Siku tatu za mwanzo, nakiri, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Habari tulizipata kwa njia mbili: televisheni ya Shirikisho yenyewe, na Bi Atughani, mama wa viazi aliyevuka mpaka mara kwa mara na magunia yake na kumbukumbu isiyopoteza kitu. Wote wawili walisema jambo moja. Ulembe nzima ilikuwa imegeuka. Majaji, wauza samaki, maharusi, mpaka wasaliti walioajiriwa na Shirikisho waliogeuza makoti kwa kuogopa kuonekana wasaliti. Kompyuta kubwa za Shirikisho, zile zinazotazama mitaa kwa macho elfu na kueleza kila mtu anawaza nini, zilikaa siku mbili zikihesabu mishono zikitafuta ujumbe. Zikatangaza kwamba mashambulizi yatakuja kutoka kusini. Zikatangaza tena kwamba hapana, yatakuja kutoka angani.

Halafu watu wakaanza kuona haya. Nguo ikigeuzwa, kila uzi uliotambaa unaonekana, kila kiraka, kila pindo lililoshonwa haraka haraka usiku wa kuamkia sikukuu. Wakamiminika kwa mafundi cherehani. Foleni zikafika barabarani. Shirikisho likaona hizo foleni, kompyuta zikapiga hesabu, na Jumamosi mchana wakawakamata mafundi wote wa mji mkuu, mia mbili na kumi na wanne, kwa kosa la kuongoza uasi.

Baba yangu, Ambwene, ni fundi cherehani wa mji mkuu. Alikuwa wa kumi na tisa kwenye orodha waliyoisoma kwenye televisheni.

Sikucheka tena.

Jumapili Bi Atughani akaja na habari zaidi. Mafundi walikuwa wanaulizwa swali moja tu: amri ile ina maana gani? Nao, kwa kuwa hawajui na hawataki kuonekana hawajui, kila mmoja akatoa maana yake. Mmoja alisema mishono ni idadi ya bunduki. Mwingine alisema ni ramani ya mto. Mzee mmoja mshona kanzu alitoa maelezo ya saa tatu yaliyoishia kwa nabii Yusufu. Maana mia mbili na kumi na nne, na hakuna mbili zinazofanana. Bi Atughani alisimulia hayo akicheka, kisha akaacha kucheka, akasema wamepigwa. Si sana, akasema. Fundi mmoja ameng'oka meno mawili. Na Shirikisho limetoa muda: maana ya kweli isipopatikana mpaka Alhamisi, wote watapelekwa kaskazini, kwenye machimbo ya chumvi. Huko tangu vita vianze walikuwa wamepelekwa watu wengi, na hakuna aliyewahi kurudi kutusimulia kukoje.

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo kelele ni kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kulia bila kusumbua wenzake.

*

Jumatatu tulikaa kikao. Jenerali Haule alikuwa amejiandaa, na sitamsema vibaya, maana aliyoyasema yalikuwa na mantiki yote.

Alisema Ijumaa ya wiki ile Shirikisho linaandikisha watu. Kila mtu mzima ataitwa mezani aweke alama ya kidole kwamba kuanzia sasa yeye ni raia wa Shirikisho, na atakayeweka atapewa mgao wa mafuta na unga. Wakiandikishwa nusu, Shirikisho litakwenda kwenye mabaraza ya dunia na kusema Ulembe haipo tena, wenyewe wamekubali. Amri ya arobaini na mbili, inayokataza watu kujiandikisha, ilikuwa imeandikwa mwezi mzima. Niliiandika mwenyewe, na ilikuwa nzuri. Jumanne ilikuwa moja tu kabla ya Ijumaa, na amri ni jambo moja.

Tumpe akasema hata Jumanne kabla ya Alhamisi ya mafundi ni moja tu.

Jenerali akasema analijua hilo. Akasema pia, akiniangalia mimi, kwamba anajua baba yangu yuko wapi, na kwamba kama ningekuwa askari wake asingeniuliza lolote leo. Lakini fikirini, akasema. Watu wamelala rumande kwa ajili ya amri ile. Mwalimu amezabwa kibao mbele ya wanafunzi wake na hakulirudisha koti lake. Leo tuwaambie kwamba ilikuwa mzaha wa karani anayepasha sauti? Nani ataisikiliza serikali hii tena? Ijumaa watakwenda mezani wamekasirika, wataweka vidole vyote kumi.

"Tukikaa kimya," akamalizia, "utani umekwisha kuwa ushujaa. Tumewapa watu ushujaa. Tusiwanyang'anye."

Ilikuwa hoja nzito, na kibaya zaidi, mimi mwenyewe niliitaka. Hili sijawahi kumwambia mtu. Wiki nzima nilikuwa naogopa vitu viwili, baba yangu kupelekwa kaskazini, na baba yangu kusikia sauti yangu ikikiri kwamba alipigwa kwa sababu ya upuuzi wangu, na zipo saa ambazo sikujua ninaogopa kipi zaidi. Mtungi haubadilishi sauti. Angenijua kwa neno la kwanza.

Mama Sekela alikuwa anamenya chungwa. Alilimaliza kwanza. Kisha akatuambia habari ya ng'ombe wa mzee mmoja wa kijijini kwao, zamani, alipokuwa daktari mpya. Alimdunga yule ng'ombe dawa isiyo yake, kwa kukosea chupa. Ng'ombe akaugua siku mbili, karibu afe, akapona mwenyewe. Mwenye ng'ombe akamshukuru kwa kumponya, akamchinjia kuku, akawatangazia watu wote kwamba hapana daktari kama huyu binti. Naye akanyamaza, akala kuku.

"Miaka thelathini na minne," akasema, "yule mzee akinisalimia natafuta pa kutazama. Na baadaye, mara mbili ilinipasa kumwambia ukweli mwingine, nikashindwa, kwa sababu ya ule wa kwanza niliouficha."

Jenerali akasema hii si ng'ombe, Mheshimiwa, hii ni nchi. Mama Sekela akakubali kwamba si ng'ombe. Akasema sisi tuko hapa tunakula machungwa, walioko mtungini ndio wanaopigwa, na mtu anayepigwa ana haki ya kujua anapigiwa nini. Zaidi ya hapo hakutaka kubishana. Akanigeukia mimi, maana kwa sheria yetu amri haiwezi kufutwa ila kwa sauti ya yule aliyeisoma. Akasema hatanilazimisha. Muhuri ni wake, lakini sauti ni yangu, na niamue kabla Mzee Mgaya hajaenda kunywa chai.

"Nikisema hapana?" nikauliza.

"Utasoma ile ya Jenerali, nami nitaitia muhuri. Halafu mimi na wewe tutakuwa wawili wa kutafuta pa kutazama."

*

Jumanne mashine ilizimwa saa nne kamili. Tumpe alikiondoa kifuniko mbele ya macho yetu wote, akakiweka mbali kabisa, juu ya kabati. Nilikuwa na karatasi mbili mfukoni. Nikatoa moja. Jenerali aliona ni ipi, akavua kofia yake akaiweka mezani.

"Mimi ni Lwitiko, karani wa amri," nikasoma. "Amri ya arobaini na moja ilikuwa utani wangu. Nilikuwa napasha sauti na mtungi ulikuwa wazi. Haikuwa na maana yoyote, haikuwa ishara, na hakuna fundi aliyeijua kabla. Waliopigwa walipigwa kwa ajili ya mzaha wangu. Nawaomba radhi mmoja mmoja. Sasa amri hiyo inafutwa, vaeni mpendavyo."

Mama Sekela akaongeza kwa sauti yake mwenyewe kwamba na yeye aliitikia bila kuangalia, kwa hiyo kosa ni lake pia. Wakaitikia wote watatu. Jenerali aliitikia wa mwisho, lakini aliitikia.

Tukaukodolea macho ubao.

Kwa kawaida dakika ya kwanza ubao unalia kama mvua juu ya mabati. Safari hii ukalia mara moja. Ukakaa. Ukalia tena. Mzee Mgaya akarudi, akawasha mashine, meza ikaanza kutikisika, na taa zikawa bado zinahesabika kwa macho. Mchana, nane katika mia. Jioni, kumi na tisa. Tumpe alidhani udongo umekufa. Alichukua mtungi wake mdogo wa majaribio, akapeleka kiganja, taa ikawaka. Akatoa, ikazimika. Udongo ulikuwa mzima kabisa, watu ndio hawakuwa wanaweka mikono.

Sikula. Jenerali naye hakusema "niliwaambia", na kwa hilo nitamheshimu mpaka nife.

Mtungi unakumbuka amri kwa siku moja tu. Jumatano saa nne asubuhi ubao ukajifunga: thelathini na moja katika mia.

Nikasema basi, wametuchoka, nimeimaliza serikali kwa mdomo wangu. Tumpe akainama kuanza kuuviringisha Mtungi Mama kwenye kanga yake. Mama Sekela akamwambia aache. Alikuwa ameikunjua Katiba kwenye kifungu cha tatu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Akavua miwani, akajifuta macho, ndipo nikaona kwamba anacheka, kicheko cha chini kwa chini kinachomkatisha pumzi.

"Someni," akasema. "Chini ya nusu. Ufutaji haukuwa sheria. Wamekataa kufutiwa."

Jenerali akauliza ana maana gani. Akamweleza pole pole, kwa furaha ya mtu anayetafuna kitu kitamu. Wamesikia kila neno. Wanajua sasa kwamba ilikuwa mzaha. Serikali imewaambia wavae wapendavyo, na serikali imeshindwa kwa kura, sitini na tisa kwa thelathini na moja. Kwa miezi karibu kumi tulikuwa tunawaamuru, wanaitikia. Hakuna siku tuliyowahi kuwauliza.

"Bunge limekaa," akasema. "Limekaa bila sisi, na jambo la kwanza lililofanya ni kutukatalia."

Kisha akasimama, akavua sweta lake la kijani, akaligeuza, akalivaa tena. Amri ya arobaini na moja ilikuwa sheria ya nchi, na sisi wanne, nasema kwa aibu, kwa wiki nzima hatukuwa tumeifuata hata siku moja. Tumpe akageuza koti lake. Mimi nikageuza langu. Jenerali alitutazama kwa zamu, akaanza kufungua vifungo vya gwanda lake lenye nishani kumi na mbili, akaligeuza, akalivaa, na kila alipovuta pumzi nishani zilimchoma kifuani. Alikwenda nalo hivyo mjini kununua mkate. Watu wa Njombe ni waungwana, waliomwona walimsalimia tu.

*

Alhamisi mafundi hawakupelekwa kaskazini. Shirikisho nalo lilikuwa na wasaliti wake wenye mitungi majumbani, lilisikia kila nilichosema, na yule ofisa aliyekuwa ameandika ripoti ya kurasa mia nne kuhusu maana ya mishono aliitwa haraka kwao na hakuonekana tena kwenye televisheni. Mafundi walitolewa kwa mlango wa nyuma, watano watano, ili watu wasijue. Watu walijua. Walikuwa wamejipanga barabara nzima, mishono nje.

Ijumaa meza za kuandikisha ziliwekwa kila kata, na unga, na mafuta. Hatukuwa tumetoa amri yoyote. Jenerali alikaa mbele ya televisheni tangu alfajiri, nishani zikimchoma, akisubiri kusikia idadi. Haikutangazwa siku hiyo, wala ya pili. Jumapili walitangaza kwamba kwa sababu ya hali ya hewa zoezi limeahirishwa. Kulikuwa na jua nchi nzima.

Jumatatu Bi Atughani akaja na viazi. Sikumwacha hata akashusha gunia. Nikamwuliza kama amemwona baba. Akasema amemwona, yuko dukani kwake, mkono mmoja umefungwa bandeji, anashona kwa mguu na mkono uliobaki na foleni haijaisha. Nikamwuliza kama anajua ilikuwa sauti yangu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana unyevu.

Akaniambia kwamba kule mahabusu mafundi wote mia mbili na kumi na wanne walikuwa ukumbi mmoja, na ukumbini kulikuwa na mtungi mmoja wa maji, wa kwetu, wa Idara. Sauti yangu ilitoka humo. Nilipomaliza, wenzake wote wakamgeukia baba, wakasema mwana ni wako, amua wewe kama tuweke mkono au tusiweke. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mtungi, akakunja mikono kwapani, akakaa hivyo mpaka kesho yake saa nne.

Nikauliza tu alisemaje, maana baba yangu si mtu wa maneno, hayo nimeyatoa kwa mama.

"Alisema nikwambie hivi," akasema Bi Atughani, na akaiga sauti yake ya kukwaruza mpaka nikasisimka. "Kitu nilichofungiwa mimi sikubali kiitwe utani. Hata na aliyekianzisha."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, naye akasema atarudia mara moja tu ya mwisho, maana viazi vinamsubiri, na nimsaidie kushusha gunia.